Chai ya Kuni, Chai ya Gesi

Shangazi yangu wa Uyole, Mbeya, hakatai zawadi, ila anajua kuipumzisha. Mtungi wa gesi wa kilo 15 niliompelekea Pasaka niliukuta mwezi wa saba umesimama kwenye kona ya jiko la nje, umevishwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani, na juu yake kumekaa kikapu cha vitunguu. Moto ulikuwa unawaka palepale unapowaka siku zote, kwenye mafiga.

"Gesi ni nzuri, mwanangu, ndaga," akaniambia. "Ila chai yake haina chai ndani."

Nikamuuliza anajuaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kuwa leo kuna baridi. Anajua tu. Ukimletea kikombe cha chai ya kuni na kikombe cha chai ya gesi, atakwambia kipi ni kipi kabla hajameza.

Mimi nimesoma saikolojia kule Iringa, na hadi leo nafundisha vijana somo la mbinu za utafiti, somo wanalolichukia kuliko yote. Wanataka kusikia habari za ndoto na za watu waliopagawa. Mimi naingia na vigeu, yaani vitu vinavyobadilika na kupimwa katika utafiti. Basi nilipomsikia shangazi akisema vile, nikafanya jambo ambalo mpwa mwenye adabu hafanyi. Nikamwambia tujaribu.

Alikubali kwa sharti la kilo mbili za sukari. Ridhaa hiyo, nikaiandika moyoni.

Kauli ya shangazi ilikuwa tayari ni nadharia tete, yaani dai la kujaribiwa, nzuri kuliko nyingi ninazosahihisha, kwa sababu inaweza kuanguka. Mwanafunzi akiniandikia kwamba "malezi yana mchango katika tabia", sijui nimfanye nini. Hakuna siku sentensi hiyo itakamatwa ikisema uongo. Shangazi alisema atatambua, kwa hiyo anaweza kushindwa kutambua. Kitu ninachokibadilisha mimi kwa makusudi ni jiko, yaani kuni au gesi: hicho ndicho kigeu huru. Kitu ninachokipima baada ya kubadilisha ni jibu lake: hicho ni kigeu tegemezi, kwa kuwa kinategemewa kufuata kile cha kwanza. Na ilibidi tukubaliane mapema "kutambua" maana yake nini, maana shangazi angeweza kusema "hii ina kamoshi kidogo" kwa kikombe chochote na akajihesabia ushindi. Tukakubaliana: vikombe 8, vinne vya kuni na vinne vya gesi, naye atenge vinne anavyoona ni vya kuni.

Mpango huo si wangu. Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwanatakwimu Ronald Fisher alimmiminia chai mtafiti wa miani aliyeitwa Muriel Bristol, naye akaikataa kwa sababu maziwa hayakutangulia kuingia kikombeni. Akadai anaweza kuonja na kujua kipi kilitangulia. Fisher aliueleza mpango wa vikombe 8 katika kitabu chake cha mwaka 1935. Hesabu yake ni hii: kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne katika vinane, na moja tu kati ya hizo ndiyo sahihi kabisa. Anayebahatisha ana nafasi moja katika 70 ya kuvipata vyote. Nikacheka peke yangu kwamba hesabu iliyozaliwa kwenye ubishi wa chai imekuja kufika huku kwetu, ambako chai tunailima wenyewe, Tukuyu na Mufindi.

Tukapika. Binti wa jirani akabeba vikombe kutoka jikoni, kimoja kimoja. Shangazi akanusa, akaonja, akatenga. Alipomaliza nikalinganisha na karatasi yangu.

Nane kwa nane.

Binamu yangu alipiga makofi. Shangazi hakutabasamu hata kidogo. Alivuta kanga begani akaomba gimbi lingine. Mimi ndiye niliyekosa usingizi usiku ule, na si kwa sababu ya chai.

Kwa sababu nilikuwa nimemwona yule binti. Kila akileta kikombe cha gesi alikuwa anabana kicheko, anakiweka mezani haraka, anarudi nyuma hatua moja. Cha kuni alikiweka polepole, anasimama hapo hapo kusubiri. Alijua. Na shangazi amelea watoto sita na wajukuu wasiohesabika. Hakuna uso wa mtoto asioweza kuusoma. Isitoshe, chai ya kuni ilikaa motoni muda mrefu zaidi ikawa nzito, na vikombe vyake vilikuwa vya moto zaidi. Nilidhani nimebadilisha kitu kimoja. Nilikuwa nimebadilisha vinne.

Kuna farasi aliyeitwa Hans ambaye namleta darasani kila mwaka. Bwana mmoja wa Berlin, Wilhelm von Osten, mwalimu mstaafu wa hesabu, alimfundisha farasi huyo kujumlisha na kutoa, na Hans alijibu kwa kugonga kwato chini: tatu kuongeza nne, anagonga mara saba anaacha. Mwaka 1904 iliundwa kamati ya watu wazito kumchunguza, na haikuona udanganyifu wowote. Na kweli hapakuwa na udanganyifu; von Osten mwenyewe aliamini. Ndipo akaja Oskar Pfungst na akafanya jambo dogo sana. Alipanga mara nyingine anayeuliza asijue jibu, na mara nyingine farasi asimwone anayeuliza. Hans akageuka mbumbumbu. Kumbe alikuwa anasoma kichwa na mwili wa muulizaji: kwato zinapofikia idadi sahihi, mtu hulegea kidogo bila kujua, na farasi anaacha kugonga. Pfungst aliyachapisha hayo mwaka 1907. Kinachonifurahisha ni kwamba Hans kweli alikuwa na akili, tena nyingi, ila haikuwa akili ya hesabu.

Shangazi wangu ni Hans, na namwomba radhi kwa kulinganisha.

Wanafunzi wangu wakiona neno "kigeu ingilizi" kwenye mtihani wanaandika ufafanuzi wa kukariri. Mimi nilikielewa kabla sijajua jina lake, nikiwa darasa la sita, nimefuatana na baba kwenye shamba darasa. Bwana shamba mmoja alikuwa amepanda mahindi vipande viwili, kimoja na mbolea mpya na kingine bila mbolea. Chenye mbolea kilikuwa kimekwenda juu, kijani cheusi, mashallah. Wakulima wakaitikia kwa heshima. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyanyuka na fimbo yake.

"Bwana shamba, mbolea mmeiweka bondeni. Bondeni hata hii fimbo yangu ukiichomeka inachipua."

Hayo ndiyo mambo yote ya kigeu ingilizi. Hujui kama ni mbolea au ni bonde, kwa sababu vimetembea pamoja. Dawa yake Fisher aliieleza hukohuko Rothamsted, na ni dawa ya kuchekesha: gawa shamba vipande vidogo vingi, halafu acha bahati iamue kipi kipate mbolea. Si wewe, si macho yako, si huruma yako kwa kipande kizuri. Bahati haina upendeleo, ndiyo maana inaaminika kuliko mtaalamu. Wanasaikolojia wakachukua mtindo huo wakauhamishia kwa watu: kundi moja linapewa jambo, kundi dhibiti halipewi, na nani aingie wapi ikaamuliwa kwa nasibu.

Siku ya pili nikapika kama mganga. Maji ya bomba lilelile, majani ya pakiti moja, maziwa ya ng'ombe mmoja, dakika zilezile kwa saa ya simu. Chai zote mbili zikaingia kwenye chupa mbili za chai zinazofanana, zikakaa nusu saa ili joto lilingane. Vikombe nikavibandika namba chini, na mpangilio tukauokota kwa vikaratasi ndani ya kofia ya binamu. Mimi niliyejua namba nikabaki jikoni. Aliyepeleka vikombe sebuleni hakujua kitu, na shangazi akajua kwamba hakujua. Kwenye vitabu huu ndio mtindo wa kuficha pande zote mbili, mjaribiwa na mhudumu wake wote gizani.

Alichukua muda mrefu. Alirudia vikombe viwili mara tatu. Mwishoni akatenga vinne, na vitatu vilikuwa sahihi, yaani sita kwa nane. (Saba kwa nane haiwezekani katika mchezo huu; ukikosea kikombe kimoja cha kuni umeshakosea na kimoja cha gesi. Wanafunzi huchukua dakika kumi kulikubali hilo.) Katika zile njia 70, kuna 17 zinazokupa sita au zaidi. Kwa maneno mengine, mtu asiye na ulimi kabisa, anayebahatisha tu, atafikia hapo alipofikia shangazi karibu mara moja katika nne. Hilo halithibitishi kwamba anatambua. Wala halithibitishi kwamba hatambui. Linasema tu kwamba vikombe 8 ni vichache na mpwa wake asitembee kifua mbele.

Binamu alitaka mshindi. Nikamwambia hakuna. Akaona nimesoma bure.

Shangazi ndiye aliyenichapa kweli. Alisikiliza maelezo yangu yote kuhusu joto, kofia na namba, kisha akasema:

"Mimi chai yangu sinywi sebuleni kwa namba. Nakunywa hapa, mafigani, baridi ikiwa nje, watu wamekaa. Wewe umeondoa moto, umeondoa watu, umeondoa moshi, umebakiza maziwa na majani, halafu unaniuliza chai iko wapi."

Nilikaa kimya. Profesa angelisema hilo kwa kurasa kumi. Kila kitu nilichokiita kiingilizi, yeye anakiita chai. Ukitaka kujua kama ulimi unaonja kuni, lazima uuondoe moshi hewani. Ukitaka kujua kwa nini wanawake wa Uyole hawaachi kuni, ukiuondoa moshi na wale watu waliokaa kuuzunguka, umetupa kile ulichokuja kukitafuta. Maabara hukupa uhakika wa swali dogo. Mtaani unapata swali kubwa, na uhakika unabaki mlangoni.

Ugumu huu nilikuwa nimeshakutana nao, ila wakati ule sikuwa na shangazi wa kunieleza. Nikiwa mwaka wa tatu nilipata kazi ya udadisi katika utafiti mmoja wa malezi, tukapelekwa kijiji kimoja cha Kilolo. Dodoso lilikuwa limetafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu ambaye nadhani hajawahi kulea. Swali mojawapo liliuliza: "Je, huwa unampiga mtoto wako anapokosea?" Asubuhi nzima, nyumba kwa nyumba, "Kamwene, kamwene," tunakaribishwa kigoda, na jibu ni moja: hapana. Mama mmoja alijibu hapana huku fimbo ya mwanzi imechomekwa juu ya mlango, na mtoto wake akiitazama fimbo, kisha mimi, kisha fimbo.

Sikudanganywa, na hili nalisisitiza kwa sababu wenzangu wa mjini hupenda kusema wanakijiji "wanaficha". Kwanza, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa pembeni yangu kwa ukarimu, ananionyesha nyumba. Nani atamwambia mgeni mwenye kalamu, mbele ya mwenyekiti, kwamba anapiga? Ugeni wangu, viatu vyangu, kalamu yangu na mwenyekiti wangu vilikuwa ni bonde, na majibu yakachipua.

Pili, lile neno. Jioni nilimuuliza bibi tuliyefikia kwake, na yeye akashangaa swali lenyewe. "Kupiga? Anayepigwa ni mwizi. Mtoto anarudiwa." Kwake kumpiga mtoto ni ukatili, na kumrudi ni wajibu, hata kama fimbo ni ileile na kilio ni kilekile. Sisi tulikuwa tumewauliza wazazi wema kama wao ni wakatili, wakajibu kwa haki kabisa kwamba sivyo.

Neno moja ndani ya swali linaweza kubadilisha hata kumbukumbu ya mtu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Wote waliona filamu zilezile; kilichobadilishwa ni kitenzi cha swali tu. Walioulizwa yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana" walikadiria kwa wastani maili zaidi ya 40 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walikadiria karibu 32. Katika jaribio lao la pili, wiki moja baadaye waliuliza kama kulikuwa na vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Katika watu 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Katika 50 waliosikia neno la kawaida, "yalipogongana", ni 7. Nikifikiria Kiswahili chetu kilivyo na ngazi nyingi, kupiga, kuchapa, kuadhibu, kurudi, kufunza, kuonya, naona kila dodoso linaloletwa huku lingepaswa kulala usiku mmoja nyumbani kwa bibi fulani kabla ya kutumika.

Siku ya tatu tulimwomba mwenyekiti apumzike, na swali tukaligeuza: "Hapa kijijini, mtoto akivunja ndoo, wazazi wengi hufanyaje?" Ah! Tukaambiwa. Majirani wanachapa, wote, sana, tena wale wa ng'ambo ya mto ndio usiseme.

Njia nyingine ni kutouliza kabisa, ukahesabu. Albert Bandura na wenzake mwaka 1961 hawakuwauliza watoto kama wanaiga wakubwa. Walichukua watoto 72 wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. 24 walimwona mtu mzima akilitwanga dubwana la kupulizwa, 24 walimwona mtu mzima aliyecheza kwa utulivu, na 24 hawakuonyeshwa mtu. Kisha kila mtoto akaachwa na vitu vya kuchezea kwa dakika 20, na watafiti nyuma ya kioo wakawa wanaandika alichofanya kila baada ya sekunde 5. Waliomwona mkubwa akipiga walipiga zaidi, tena kwa mtindo uleule na maneno yaleyale. Kabla ya hapo watoto walikuwa wamepimwa ukorofi wao wa kawaida ili makundi yalingane, yaani bonde liligawanywa sawasawa.

Na kuna njia ya tatu ambayo mimi naipenda kuliko zote: usimuulize mtu, usimtazame, tazama alichokiacha. Kuna kikundi cha watafiti wa Marekani ambao mwaka 1966 walikusanya vipimo vya namna hiyo. Mmoja ni wa jumba la makumbusho la sayansi mjini Chicago: badala ya kuwauliza wageni wanapenda nini, tazama sakafu. Vigae vilivyozunguka sehemu ya vifaranga vinavyoanguliwa ilibidi vibadilishwe kila baada ya wiki sita hivi. Kwingine vilidumu miaka. Miguu haina adabu, kwa hiyo haidanganyi.

Sisemi haya kana kwamba nyanda za juu hazijawahi kuguswa na utafiti. Miaka ya mwanzo ya 1960 timu iliyoongozwa na Walter Goldschmidt ilichunguza jamii nne za Afrika Mashariki, na Wahehe wa Iringa ni mojawapo. Mwenzao Robert Edgerton alilinganisha tabia na fikra za wakulima na za wafugaji ndani ya kila jamii. Wazo lilikuwa zuri, ila hapo kigeu huru hakishikiki mkononi. Huwezi kurusha sarafu ukamwambia huyu awe mfugaji, yule alime. Umewakuta walivyo, na pamoja na ng'ombe wao umekuta mvua ndogo, umbali wa majirani na urithi wa babu. Unaweza kuona vitu viwili vinatembea pamoja. Nani anamvuta mwenzake, hapo mkono unatetemeka.

Na hata timu kama hiyo ni nadra. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walinukuu uchambuzi wa Jeffrey Arnett wa mwaka 2008, uliokuta kwamba katika majarida makubwa ya saikolojia aliyoyapitia, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Halafu kitabu kinaandika "binadamu". Ninapokifundisha hapa, mwanafunzi wa Makete akinyoosha mkono na kusema "lakini kwetu, mwalimu...", zamani nilikuwa namkatisha ili tumalize mada. Siku hizi namwachia.

Jumapili nilikuwa naondoka. Nikaona kabla ya kwenda stendi niusogeze ule mtungi mbali kidogo na mafiga, maana gesi na moto wa kuni kukaa jirani vile ni kutafuta msiba. Nikatoa kikapu cha vitunguu, nikatoa kitambaa, nikajiweka sawa kiuno kuuinua kwa mikono miwili.

Ulipanda kwa mmoja. Mwepesi kama ndoo tupu. Nikautikisa, hakuna kitu.

Chai zangu za siku mbili haziwezi kumaliza kilo 15. Nikageuka kumtazama shangazi. Alikuwa ameinama anapuliza moto, mgongo umenielekea.

"Itakuwa unavuja," akasema bila kugeuka. "Ukija Desemba, uje na mwingine."